Betri za Kanji

Mpwa wangu Paskalina,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Mama yako mzima, na maharage ya Endamarariek yamekubali mpaka tunagawia majirani.

Unauliza ufanyeje na wenzako wa chumba, Mhindi na Mpakistani, walionuniana kwa ajili ya kriketi. Umemuuliza mwenyewe. Mimi ndiye niliyepatanisha India na Pakistan, hapa hapa Karatu, nikiwa kijana wa gereji.

Bosi wangu, fundi Aslam, alikuwa na redio. Rafiki yake Kanji, mwenye duka, alikuwa na betri. Timu za nchi hizo zilipokutana kwa mechi ya siku tano, kila mmoja alishika nchi ya babu yake, Aslam Pakistan, Kanji India, salamu zikakatika. Siku ya tano, ya mwisho, redio ikazimika. Nikaanika betri nje, lakini ukungu ulikuwa mzito, hata simba wa Ngorongoro waligongana vichwa.

"Bosi, twende kwa Kanji."

"Bora nife."

Nikaenda mwenyewe. "Mzee Kanji, Pakistan inazama. Aslam analia."

Akabeba betri nne. "Hilo lazima nilione."

Alimkuta Aslam macho makavu, ila betri zilishaingia, na mtangazaji hangojei ugomvi. Wakasikiliza mpaka mwisho: sare. Siku tano, hakuna mshindi. Kanji akaanza kucheka. "Na nimeambiwa ulikuwa unalia!"

"Leta chai," Aslam akaniambia. "Ya huyu mwongo wa Kihindi tia sukari nyingi."

Mwongo nilikuwa mimi, nikaenda kutia sukari.

Kanji aliondoka akaziacha betri zake. Kesho yake akarudi, si kuzichukua, bali kusikiliza taarifa ya habari.

Ni mimi mjomba wako, mpatanishi wa mataifa.