Maziwa na Posa ya Salim

Mama,

Umenichosha. Najua marehemu haambiwi hivyo, na nimeshakusomea Yasini kabla ya kushika kalamu, lakini umenichosha.

Tangu ututoke, nyumba hii ya Siyu imekuwa baraza la kujadili titi lako. Salim wa Bi Zuhura alileta posa, ikakubaliwa, mahari yakatajwa. Ndipo Khalati Rukia, dada yako asiyeweza kulala na neno tumboni, akakumbuka kwamba Bi Zuhura alipolazwa Lamu, wewe ndiwe uliyemchukua Salim mchanga, akawa analala na titi lako mdomoni. Ikiwa alinyonya maziwa akashiba, basi ni kaka yangu, na ndoa hakuna.

Wengi walisema titi lilikuwa kavu: kaka Athumani ulishamwachisha zamani, mimi sijazaliwa, ulimwekea mtoto wa watu anyamaze tu. Shekhe akasema aulizwe mwenye kujua. Wote wakanigeukia. Miaka yote hii nasoma chuoni jinsi titi linavyoumbika, wewe kwa kuona haya ukiwaambia majirani nasomea udaktari, leo ndio wanakumbuka.

Nikaeleza. Kila seli ya titi imebeba jeni zilezile, ila kila aina husoma sehemu yake: hizi zatengeneza maziwa, zile zayasukuma, nyingine zakaa zikingoja. Mtoto akiachishwa, nyingi za maziwa hufa. Zinazongoja hubaki. Mtoto mwingine akivuta siku baada ya siku, jeni zilizonyamaza huweza kusomwa tena, maziwa yakarudi. Khalati akauliza, "Sasa yalitoka au hayakutoka?" Hadubini haijui hilo, Mama. Hakuna jeni inayosema nani alinyonya kwa nani. Shekhe akasema kuweza kutoka si kutoka, na shaka haiharamishi. Watu wakafurahi, hata Khalati.

Lakini mimi najua, na aliyenijuza ni wewe. Ile likizo nilikuonyesha picha za seli zangu huku unapaa samaki, ukacheka: "Hayo mwayasoma nyinyi. Mimi yalinitoka kwa mwana wa mtu, leso ikarowa, naye akishiba akilala." Mwana gani, hukusema. Nimemuuliza Bi Zuhura kwa mbali: mtoto wa watu uliyewahi kumlea ni mmoja tu.

Hivi hukumwona Salim akinitazama? Mlango huu ameuingia na kutoka, ukimpa chai, ukimtania kwa uvivu wake. Neno moja lingenitosha, kabla moyo haujakwenda. Ulisema kila kitu, Mama, hata bei ya sukari ya jirani. Hili ukalisahau.

Ningenyamaza, nani angejua? Nimelia, nimekukasirikia, nikaamka bado najua. Jana baada ya Alasiri nilimwendea shekhe nikamwambia leso ililowa. Kisha nikamwambia Salim mwenyewe. Nikadhani atanitukana. Akasema, "Basi na mimi nimefiwa na mama."

Ijumaa anakwenda kaburini kwako kukusomea, kama mwana. Nakuahidi akirudi nitamwita kaka, hata sauti ikinikatika.

Mola akulaze pema, Mama. Hasira zangu nawe bado hazijaisha, na kesho nitakuombea tena.

Mwanao,
Mwanaisha