Nikuone Kwenye Kioo

Glendive, Montana
14 Juni

Kwako mwanangu Joleen,

Mzima wewe? Na hilo goti, umelipeleka kwa daktari au bado unalidekeza? Mimi mzima, ila mikono imechoka na usukani. Trela la kulala nalo zima, linafuata pikapu nyuma bila maneno, tofauti na watu fulani.

Masharti yako sijayasahau. Nikiweza kupiga rivasi na kuliingiza trela kwenye nafasi yake kila kambi, bila msaada wa mtu, nabaki nalo. Nikishindwa hata mara moja, nageuza kurudi nyumbani na Bwana Lundeen analinunua. Nami niliahidi kukuandikia ukweli mtupu. Basi sikia.

Jana nimeingia kambini saa kumi alasiri, saa ambayo wanaume wote wameshatoa viti nje. Kuona bibi wa miaka sabini na moja, hana mtu, wakavigeuza viti kunielekea. Mmoja akaja na bia yake mkononi.

"Mama, niachie usukani nikusaidie."

"Kakae tu baba," nikamwambia. "Bado hujaona kitu."

Mara ya kwanza trela likaenda kwa jirani. Mara ya tano lilikuwa karibu kuipanda meza ya chakula. Miaka thelathini na moja nimesimama nyuma nikimpungia baba yako mikono ya kumwongoza, wala sikujua kwamba ukikata usukani kulia, trela linakwenda kushoto. Mara ya kumi na mbili likaingia. Wakapiga makofi wote, na yule wa bia akasimama kabisa. Joleen, nilijiona mtu.

Mama yako


Duluth, Minnesota
20 Juni

Mama mpendwa,

Barua nimeipata, na goti linaendelea vizuri, asante kwa kulisema vibaya.

Mara kumi na mbili na bado unajisifu? Baba alikuwa akiingiza mara moja tu, huku anapiga mluzi. Nilicheka mpaka nikamwaga kahawa, lakini Mama, sikufichi, naogopa. Baba alipoanguka kule Arkansas mlikuwa wawili, ukapiga simu. Wewe ukianguka nani atapiga? Ndiyo maana nikaweka sharti lile. Ukihitaji mtu hata mara moja, maana yake huwezi safari hii peke yako, na mimi sitaki kukuzika kabla Baba hajamaliza mwaka kaburini.

Ukifika Idaho pitiliza, stika yake ipo. Kwenye ile ramani ya mlangoni mwa trela, mnapobandika stika ya kila jimbo mlilolala, zimebaki nafasi mbili tu, Washington na Oregon. Usijichoshe bure.

Binti yako


Wallace, Idaho
2 Julai

Mwanangu Joleen,

Natumaini hujambo, na kazini hawakusumbui. Barua yako nimeikuta posta hapa. Mimi sijambo, ila moyo mzito.

Kwanza Idaho. Unaijua sheria yetu: stika haibandikwi mpaka magurudumu yamesimama humo usiku kucha. Sasa nikuambie siri ya baba yako. Mwaka mmoja tulikatiza kipande hiki chembamba cha Idaho mchana kweupe, mimi nimesinzia kwenye kiti. Tulipogeuza kurudi Montana akabandika stika. Nikamwambia, Orville, hatujalala Idaho. Akasema, "Wewe umelala, tena umekoroma." Tukacheka, ikabaki. Lakini kila nikifungua mlango ule ilikuwa inanichoma. Jana nimeikwangua kwa kisu cha siagi.

Nafasi niliyopewa ni mteremko, nyuma ni kijito. Nilijaribu mara tisa. Mama mmoja wa trela la jirani, Twyla, naye mjane, akatoka kimya akasimama nyuma na kuanza kunipungia. Sikumwomba, lakini sikumkataza. Kwa mikono yake, niliingia mara moja tu.

Ulisema bila msaada wa mtu, na Twyla ni mtu. Ningeweza kunyamaza, usingejua kamwe. Ila siwezi kukwangua uongo wa baba yako halafu nibandike wangu. Stika ya Idaho nimeirudisha leo asubuhi, safari hii kwa haki. Nitakaa hapa siku kumi, barabara zipungue watu wa sikukuu ya tarehe nne, kisha nageuza. Mwambie Bwana Lundeen atayarishe hitchi yake ya kuvutia trela.

Mama yako


Duluth, Minnesota
6 Julai

Mama,

U hali gani? Usitoke hapo Wallace.

Barua yako imeninyima usingizi. Nikashusha lile boksi la picha. Nimezipitia zote, kambi baada ya kambi. Kila picha ni Baba kwenye usukani, anacheka, na nyuma kuna mwanamke amenyoosha mikono juu. Mvua, wewe upo. Theluji ya Colorado, upo, umevaa kofia yangu. Baba hakuingiza peke yake hata siku moja, na hakuna aliyewahi kusema hajui kuendesha. Mimi ndiye nilikudai kitu ambacho yeye hakukiweza. Nisamehe, Mama. Najivunia wewe mpaka wenzangu kazini wamechoka kunisikia.

Bwana Lundeen nimemwambia trela haliuzwi. Nimechukua likizo ya wiki tatu, ndege inatua Spokane tarehe kumi na nane. Nifundishe zile ishara.

Binti yako


Wallace, Idaho
10 Julai

Mwanangu,

Mzima mimi, mzima mno. Nitakuja kukupokea na pikapu tupu. Trela nitaliacha huku, Washington tuliingize pamoja. Uje na viatu vya kufunga kamba, goti lile halitaki ndala.

Ishara ni nyepesi, utazishika kwa siku moja. Kubwa ni moja tu: simama nyuma, upande wangu, pale ninapouona uso wako kwenye kioo. Nisipokuona, sirudi nyuma hata inchi. Baba yako nilimwekea sheria hiyo siku ya kwanza, na akiniona tu ndipo alikuwa anaanza kupiga mluzi.

Stika ya Washington iko kwenye droo ya vijiko. Utaibandika wewe, asubuhi, tukishalala.

Mama yako