Milango Iliyoingia Tanurini

3 Machi

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mimi sijambo, ni magoti tu yanayolalamika kila yakiona ngazi. Wewe je, kikohozi cha unga kimekuacha?

Kiwanda cha kioo kimefungwa. Mwenye mali kaondoka hata kuaga hakuaga, na mafuta ya tanuri yamekatwa. Nyumba zetu mtaa mzima ziko rehani benki, nasi tulikuwa tukiilipa kwa mishahara ile ile. Kiwanda kikifa, nyumba nazo zimekwenda. Serikali imesema itatuma mkaguzi aone kama tunaokoleka. Basi sisi wafanyakazi tumetoboa mdomo ubavuni mwa tanuri, tunalilisha kuni kwa zamu lisipoe.

Mama yako

20 Machi

Mama,

Shikamoo. Kikohozi kimepungua. Magoti yapumzishe, tafadhali.

Nisamehe, lakini mnajitesa bure. Hapa tunapooka mikate tanuri tunalizima kila jioni, alfajiri tunaliwasha, na mikate inatoka vizuri tu. Lizimeni mkalale! Mkaguzi akija mtawasha. Kama atakuja, maana ahadi ni deni, ila wadaiwa wengine tunawajua. Chumba changu ni kidogo lakini tutabanana. Njoo.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Nimecheka mpaka mwenzangu wa zamu akauliza kulikoni. Mkate na kioo wapi na wapi? Kioo kikipoa humo ndani kinaganda kikawa jiwe, matofali yanapasuka, na tanuri ndiyo basi tena. Hili liliwashwa kabla sijaolewa na marehemu baba yako, na halijazimika hata siku moja. Nikilichungulia mwili wote unanisisimka mpaka leo. Weupe ule sijui niuitaje.

Kuni zimekwisha. Viti vimeingia, vitanda vimeingia. Siji huko.

Mama yako

15 Aprili

Mama,

Shikamoo. Vitanda? Sasa unalala wapi? Nijibu upesi.

Mwanao

9 Mei

Mama,

Shikamoo, popote ulipo. Sijapata jibu lako. Mwenzangu wa kazini alipita huko, anasema nyumba za mtaa wetu hazina milango, kama watu wamehama. Benki imeshazichukua? Niambie tu, mama. Sitakulaumu.

Mwanao

28 Mei

Mwanangu,

Usininunie. Niliungua kiganja, kalamu ikawa haishikiki. Sasa nimepona, na leo nina maneno mengi.

Mwenzako hakukudanganya. Milango tumeichoma. Wazo lilikuwa langu, na mlango wangu ndio uliotangulia.

Kumbe serikali ina msaada wa kuzuia benki isiuze nyumba, ila ni kwa wanaoishi ndani tu. Mkaguzi alipofika, mama mmoja mwenye mkoba mkubwa, akaona nyumba zimeachama mtaa mzima. Akaandika kwamba ni mahame, akageuka kurudi garini. Nikamkimbilia kwa magoti haya haya! Nikamwambia, "Dada, sisi tupo. Milango iko kiwandani, twende ukaione."

Nikampa kioo cheusi cha kukinga macho, achungulie tanuri. Akainama, akachungulia. Mkoba ukamtoka mkononi asijue.

"Mmechoma milango yenu?" akauliza.

"Na vitanda," akajibu mzee mpuliza chupa. "Mito tumeibakiza, sisi si wendawazimu."

Akacheka huku machozi yanamtoka. Pale pale akafuta alichoandika, akaanza kupita nyumba kwa nyumba akituuliza habari zetu.

Mwanangu, serikali imekuja kweli! Benki imezuiwa, na mafuta yameletwa kwa lori. Moto ulipokolea, kioo kikaanza kutembea humo ndani kama uji mzito. Mpuliza chupa akachovya bomba lake, akapuliza, donge likafura, likang'aa mbele ya uso wake. Watu wote wakasogea karibu, hata wenye watoto wachanga migongoni. Nimefanya kazi humo tangu usichana wangu, na siku hiyo nikaona kama sijawahi kukiona kioo. Nililia mbele ya watu na sikuona haya.

Kabla ya kuuchoma mlango nilikuwa nikifunga komeo kila usiku, na nikisikia hodi nadhani ni benki. Jana nimetundika pazia tu pale mlangoni. Upepo uliingia na kutoka upendavyo, nami nikalala fofofo mpaka jua likanigusa miguu.

Mama yako, mwenye nyumba