Ukoga wa Mti wa Mlimani

Litapunga, 12 Machi 1994

Dada Annonciata, nesi wetu wa Mpanda mjini,

Salamu nyingi kupita mabehewa ya treni yenu. Mimi mtu wa dunia, niliyefika Tabora na Kigoma bila kuuliza njia, ni mzima. Mahindi yamebeba. Mke wangu Prisila bado hacheki utani wangu.

Binti yetu Emelyne alikohoa wiki nzima. Nikajigamba, "Dawa ya mama naijua mimi!" Unaukumbuka ule ukoga wa kijivu, wenye vijani, unaoota kwenye magome ya miti mlimani? Mama aliubandua kwa kucha. Mimi fundi wa haraka nikaukwangua kwa panga, gome likatoka nao. Jana nikachemsha vyote, mtoto akanywa.

Leo alfajiri nilirudi kuongeza, nikautazama mti vizuri. Ni mwavi, dada, mti wa sumu. Nikakimbia nyumbani, nikamkuta Emelyne anatapika. Tumempeleka zahanati, wanamtibu malaria, maana sijawaambia alichokunywa.

Naogopa, dada. Panda lori hilihili lililokuletea barua, uje na daktari. Nikishamkabidhi dereva barua hii, naingia zahanati kusema nilichomnywesha mtoto, Prisila akiwa anasikia.

Kaka yako asiye na utani leo,
Onesphore