Pikipiki Nisiyothubutu Kuizima Kabeza

Mama Aurore mpendwa, nisaidie kabla ya Jumapili, maana nimejifunga kamba mwenyewe na sijui nijifungue vipi. Naitwa Salvator, nimetoka Ngozi, Burundi, nabeba matofali kwenye jengo moja huku Ndera, shule niliiacha katikati, ila ujinga huu sikufundishwa na mtu. Nina pikipiki kuukuu, kiki yake ya kuwashia kwa mguu ilikatika, kwa hiyo inategemea betri, na betri yenyewe asubuhi kukiwa na baridi inawasha vizuri, lakini jua likishika, nikibonyeza swichi inalia ta-ta-ta kisha inanyamaza. Huku mlimani hakuna anayejua, kwa sababu naegesha kwenye mteremko, naiachia iteremke, natia gia ya pili, naachia klachi, inawaka, naondoka kama mtu mwenye akili. Hata chumba changu cha Kimironko nilikipanga kwa sababu ya mteremko wake, choo chake nikakiona baada ya kuhamia.

Shida ni kwamba nampenda Alida, anayeuza katika duka la shangazi yake Kabeza, na pale mbele ya duka ni tambarare kama meza. Nikienda mchana siizimi. Nakaa juu yake inaunguruma, tunaongea kwa kupiga kelele, maneno ya mapenzi wanayasikia mpaka wanunuzi wa sabuni. Akinikaribisha chai nasema nina haraka, mimi ambaye baada ya misa sina hata pa kwenda, tena nilishamwambia pikipiki ni nzima kama mpya. Juzi akachoka. "Yewe Salva, mbona kila siku uko kama mtu aliyeiba? Nani anakungoja huko? Mke?" Nikasema hapana. "Basi Jumapili mchana njoo, uzime, uingie, shangazi atapika. Usipozima, usirudi tena." Nimeongeza maji ya bomba kwenye betri, imezidi kuugua. Je, niseme ukweli anione mwongo, au nisiende anione mume wa mtu?

Salvator, Ndera

Salvator, pole, lakini kwanza nikuseme. Binti wa watu anakosa usingizi akimwaza mke mwenza, kumbe mwenza ni betri! Unaiacha juani kutwa, joto linakausha maji yake, halafu unaijaza ya bomba yanayoiharibu zaidi. Na kule kuunguruma dukani hakuichaji kitu cha maana, kunakula petroli tu. Jumamosi ipeleke kwa fundi. Aipime, asafishe vichwa vyake vinapofungwa nyaya, atie maji ya betri yenyewe, aangalie kama injini inaichaji. Ikiwa imekufa, nunua nyingine. Kiki nayo itengenezwe, na kazini uegeshe kivulini.

Hilo ndilo jepesi. Alida hakukuuliza habari za pikipiki. Amekuuliza kama una mke, na amekutafutia nafasi ya kukaa mbele ya mtu mzima wa kwao; wewe unawaza klachi! Jumapili usiende nayo, hata kama imepona. Panda basi, fika kabla chakula hakijaiva, umwite Alida pembeni, umwambie: sina mke, nina betri mbovu na aibu. Akicheka, mwache acheke mpaka amalize. Akikasirika kwa ule uongo wa "kama mpya", omba msamaha na usijitetee. Kisha ingia, kula, tulia mpaka wao wenyewe wakusindikize. Na shangazi akiuliza pikipiki iko wapi, mjibu iko kwa fundi. Hakikisha iko kwa fundi kweli.