Mama Mkwe Mbele ya Kamera

Mpendwa Mama Wilkista,

Nakuandikia kutoka Malaba nikiwa na aibu tele, nisaidie kabla sijaharibu zaidi. Mimi ni wa kabila la Wateso, kwetu Amagoro, tangu 1969 kazi yangu ni kutengeneza filamu za watu wanaoishi tofauti na wenzao, nimemfuata hata mzee wa Busia ambaye mlango wake uko Kenya na jiko lake liko Uganda, na swali langu ni lilelile, mtu huyu anajiona nani? Mwaka huu nikasikia habari za mjane wa Chakol, Asio, aliyekataa kurithiwa na shemeji yake, analima kwa ng'ombe mwenyewe, na penye chungu cha pombe anakaa kitini na wanaume akivuta mrija wake wakati wanawake wengine wako mkekani, basi nikampiga picha siku tatu, uso kwa uso, na binti yake Akiror ndiye aliyenishikia kinasa sauti, na moyo ukaniponyoka hapohapo, nikaposa, nikakubaliwa.

Sasa desturi yetu unaijua, mkwe na mama mkwe hawatazamani, na filamu bado imebakiza sehemu yenyewe hasa, mama aeleze siku aliyowakatalia wazee waliotaka arithiwe. Nikasimamisha kamera, nikaiwasha, nikageuza mgongo, kumbe naye kwa haya akasogeza kiti kando, na roli ya filamu iliporudi kutoka kusafishwa Nairobi nikakuta dakika tatu za jogoo akidonoa pale kiti kilipokuwa, na sauti ya mama ikiuliza, "Umegeuka kweli?" na yangu, "Nimegeuka, mama."

Disemba gari la sinema litaionyesha filamu hii sokoni Amagoro. Akiror ananiambia, "Wee Paulinus, ukiangalia mama tena, mjomba atavunja hii maneno ya ndoa. Na ukiacha filamu, mama atasema ulimdanganya." Je, kutazama kwa kioo cha kamera ni kutazama? Nitampoteza Akiror?

Paulinus Ekisa

Paulinus,

Pole, lakini umenichekesha mpaka chai ikapoa. Unauliza kama kioo ni jicho. Ni jicho, baba, tena halisahau. Kinachonishangaza ni kwamba umezunguka nacho nyumba za watu miaka yote hii na swali hilo hukuliuliza. Mama za wengine uliwakodolea macho, leo ni mama yako ndipo unaona haya. Nimefurahi kwamba umeona haya, ingawa umechelewa.

Ulichotazama kabla ya kuposa si kosa, lakini usijiamulie. Mtume mjomba wa Akiror aende Chakol amuulize mama ni picha zipi zibaki na zipi zikatwe, na akisema zikatwe, kata bila kunung'unika. Halafu kamera mpe Akiror. Usiniambie hajui, mbona kinasa sauti alishika na hukulalamika? Mfundishe kupima mwanga, kisha toka nje, ukae nyuma ya ukuta na kusikiliza. Mwanamke aliyewakatalia wazee hatashindwa kuongea mbele ya bintiye, na atamwambia mengi ambayo wewe hungeambiwa. Jina la Akiror liandikwe kwenye filamu, kubwa sawa na lako.

Siku ya sinema kaa nyuma ya gari, usikae mbele ukautazama uso wa mama. Na ile roli ya jogoo usiitupe. Anza nayo, dakika zote tatu pamoja na sauti, ili Amagoro nzima imsikie mkwe aliyegeuza mgongo.

Mama Wilkista, Burumba