Vifaranga wa Mke Wangu Nimewalisha Terazo

Mpendwa mshauri, salamu nimeziacha nyumbani, huku nimekuja na shida tupu, na unisamehe mwandiko, vidole vyangu vimezoea mwiko na pimamaji kuliko kalamu.

Mimi ni fundi wa sakafu za terazo, zile za saruji na chenga za marumaru zinazosuguliwa zikang'aa, miaka thelathini na moja napiga magoti kwenye nyumba za watu, na mke wangu alikuwa mpiga pasi kwenye duka kubwa la dobi mpaka miguu ikagoma kusimama, akarudi nyumbani akawa anakaa tu anatazama ukuta, hadi siku alipoleta vifaranga hamsini wa siku moja, akawaweka chumba cha uani chini ya balbu, ndipo nikamsikia anaimba tena, na mimi nikajisemea afadhali.

Sasa muuza chakula cha kuku aliniambia kuku hana meno, anasagia chakula kwa vijiwe ndani ya firigisi, nikampelekea mke wangu habari hiyo kama mtu aliyevumbua kitu, naye akasema, "Baba, hawa bado, wanakula unga wa dukani tu. Wakianza majani nitawatafutia mchanga mnene, kama alivyokuwa anafanya mama." Nikacheka. "Mama watoto, wewe ndiye wa kunifundisha mimi mawe?" Siku ya pili alipokwenda kliniki nikatoa stoo chenga nyeupe za marumaru zilizobaki kazini, nikazichekecha, nikaziosha, nikazimwaga juu ya chakula na nyingine nikazichanganya chini asizione, nao wakazikimbilia zile za juu kwa sababu zinang'aa, wakazimaliza kabla hajarudi, nikafurahi kweli, nikasema nitamwambia wakishanenepa.

Alfajiri ya siku ya tano balbu ikaungua, kulipokucha tukakuta kumi na wawili wamelala kifudifudi, na wiki haijaisha wamebaki kumi na tisa. Mke wangu anasema, "Nimewaua kwa baridi. Nilisikia ubaridi, nikaona uvivu kuamka." Mimi nilikuwa nimeshampasua mmoja nyuma ya bafu, firigisi imejaa mawe meupe, chakula hata chembe hamna, na bado, mshauri, nilimjibu mke wangu kwamba siku nyingine awe anaamka kuangalia. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu.

Tangu hapo haingii chumba kile, haimbi, amempigia simu dada yake mkubwa aje Jumamosi awachukue waliobaki, anasema yeye si mtu wa kufuga kitu chenye uhai. Nimechoka, silali, sili vizuri. Naomba uniambie niwape mawe gani, ya ukubwa gani, ili waliobaki wapone, labda akiwaona wazima atabadili mawazo bila mimi kusema mengi.

Ni mimi fundi.

JIBU

Fundi, barua yako nimeisoma mara mbili. Ya kwanza niliwahurumia vifaranga, ya pili nikamhurumia mkeo. Zamu yako bado.

Tuanze na mawe, maana ndiyo uliyoyaulizia. Marumaru ni ndugu wa chokaa, inayeyuka tumboni, na chokaa nyingi inaumiza figo za kifaranga. Vitu vya namna hiyo ni vya kuku anayetaga. Kifaranga anatakiwa jiwe gumu lisiloyeyuka, chembe ndogo kuliko chenga ya mchele, si vumbi na si kokoto, limeoshwa likakauka. Tena linawekwa kwenye kisahani chake, kidogo, mbali na chakula. Wewe uliwamwagia juu ya chakula watoto wa siku chache ambao hata hawajajua kipi kinaliwa, wakajaza matumbo mawe wakafa na njaa. Na wanaokula unga wa dukani peke yake hawahitaji jiwe lolote. Yaani mkeo alikuwa sahihi kwa kila neno, na ulimcheka.

Leo hii toa chakula chote chenye chenga, osha vyombo, weka unga safi na maji safi, basi. Akifa mwingine, mwite daktari wa mifugo. Usipasue wewe.

Sasa lile ambalo hukuuliza. Unataka vifaranga wapone ili wakusemee. Hawatakusemea, ndugu yangu. Hata wakinenepa wote kumi na tisa, mkeo ataendelea kuamini kwamba uvivu wake uliua thelathini na mmoja, na wewe utaendelea kumwangalia akiamini hivyo. Kuua vifaranga ni ujinga, na ujinga tunao wote, hata mimi. Kumwambia awe anaamka ni ukatili, na hilo ndilo linalokunyima usingizi.

Mwambie leo, mchana, mkiwa mmekaa. Usianze na muuza chakula, usianze na balbu. Sema: "Ni mimi. Niliwapa mawe ya kazini, nikampasua mmoja nikaona, nikakuacha ujilaumu." Ukimaliza hapo nyamaza. Atalia, atakutukana, pengine atakuhamishia godoro sebuleni. Pokea yote, umeyafanyia kazi. Kisha mwachie yeye achague mchanga, na wewe ubebe ndoo.

Dada mtu akija Jumamosi akakuta hamsemezani, mkaribishe vizuri tu, umpe kiti, umweleze mwenyewe kwa nini anarudi mikono mitupu.